Misimu 15, Sehemu 327 na Kipande Kimoja cha Nondo

Dean Winchester alikufia bandani, akiwa wima, amechomwa mgongoni na kipande cha nondo kilichotokeza kwenye nguzo. Hakuuawa na Shetani, ingawa Shetani alijaribu. Hakuuawa na malaika mkuu Mikaeli, wala na Kifo mwenyewe, wala na yule aliyejiita Mungu, ambaye msimu mzima alikuwa ndiye adui. Aliuawa na nondo, kitu ambacho fundi wa ujenzi hukikata na kukitupa pembeni bila kukiangalia mara mbili.

Tamthilia ya Supernatural ilipofika msimu wake wa 15 na wa mwisho ilikuwa imejikusanyia rekodi nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kujaza daftari. Nimezipitia, na hapa naziweka zile ninazoona zinastahili kusimuliwa. Ila niseme mapema ipi naiona kubwa kuliko zote: mwanamume aliyekufa na kufufuka mara nyingi kiasi cha kuchosha vidole alipewa, mwishowe, kifo cha kawaida kuliko vyote. Wengi walikasirika. Mimi nililia, kisha nikakubali, na nitaeleza kwa nini. Asiyeitazama bado na anataka kuitazama ajue kwamba nitaumwaga mwisho wote hapa.

Ndefu kuliko zote, kwa sharti moja

Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 13 Septemba 2005. Ya mwisho ilirushwa tarehe 19 Novemba 2020. Katikati pana miaka 15, miezi miwili na siku sita. Tamthilia ilianza kabla simu ya iPhone haijakuwepo, ikapita marais watatu wa Marekani, na ndugu wawili walioanza wakitafuta habari za mizuka kwenye magazeti ya maktaba wakamaliza wakizitafuta kwenye kompyuta za mapajani.

Jumla ni sehemu 327. Katika tamthilia za Marekani za kila wiki zinazohusu miujiza, viumbe wasioonekana au sayansi ya kubuni, zenye waigizaji halisi mbele ya kamera, hakuna iliyofika hapo. Smallville ilikomea sehemu 217 katika misimu 10. The X-Files, hata ukijumlisha misimu miwili ya kurejea, ilikomea 218. Buffy, ambayo ilifungua njia kwa wote hawa, ilikuwa na 144. Supernatural iliwapita kwa zaidi ya sehemu 100, yaani kwa tamthilia nzima nyingine.

Sharti ni hilo neno "kila wiki". Kati ya 1966 na 1971 kituo cha ABC kilirusha Dark Shadows, igizo la mchana lenye wachawi, mizuka na mnyonya damu aitwaye Barnabas Collins, na lilifikisha sehemu 1,225. Maigizo ya mchana hurekodiwa kwa kasi ya kuoka mkate, sehemu moja kwa siku, kwa hiyo kuyalinganisha na tamthilia ya jioni ni kulinganisha mbio fupi na marathoni. Hata hivyo haki ya Dark Shadows isifichwe. Na Waingereza wana Doctor Who wao tangu 1963, ila huyo hubadilishwa sura kila baada ya miaka michache.

Sura hapa hazikubadilishwa. Jensen Ackles alikuwa Dean na Jared Padalecki alikuwa Sam katika sehemu zote 327. Kwa maoni yangu hii ndiyo rekodi inayobeba nyingine zote. Tamthilia ndefu kwa kawaida huishi kwa kuondoa watu na kuingiza wengine: nyota akichoka anauawa, anahamishwa, anapata kazi mji mwingine. Hii ilikuwa na watu wawili ndani ya gari, na mmoja wao angeondoka isingekuwepo tena. Ndiyo maana tangazo la mwisho halikutoka kwa msemaji wa kituo. Tarehe 22 Machi 2019 Ackles, Padalecki na Misha Collins, yule aliyeigiza malaika Castiel, walikaa pamoja mbele ya kamera na kuwaambia mashabiki wenyewe kwamba msimu wa 15 ungekuwa wa mwisho. Waigizaji ndio walioamua wakati umefika.

Kuna jambo dogo linalonifurahisha katika hesabu hizi. Kabla ya kuwa Dean, Ackles alikuwa mmoja wa waigizaji wa msimu wa nne wa Smallville. Aliihama tamthilia hiyo kwenda kwenye ile iliyokuja kuivunjia rekodi. Na zote, pamoja na misimu mitano ya mwanzo ya The X-Files, zilirekodiwa Vancouver na vitongoji vyake, nchini Kanada, penye misitu minene na mvua ya kutosha kuifanya kila barabara ionekane ina jambo inaloficha. Mwongozaji Kim Manners, aliyejenga jina kwenye The X-Files, alikuja Supernatural akaipa utisho wake wa miaka ya mwanzo. Alifariki Januari 2009. Hakuuona hata msimu wa tano ukiisha.

Iliyokawia kuisha

Eric Kripke, aliyeibuni, alikuwa na hadithi ya misimu mitano kichwani. Mtu anayeujua mwanzo anaelewa: mama anauawa na pepo katika chumba cha mtoto mchanga, mjini Lawrence, Kansas, tarehe 2 Novemba 1983; baba anageuka mwindaji wa viumbe wa giza na kuwalea wanawe barabarani; wana wanakua na kugundua kwamba mbingu na jehanamu zimewapanga wawe uwanja wa vita vya mwisho. Tarehe 13 Mei 2010 Sam alijitupa shimoni pamoja na Lusifa, Kripke akakabidhi usukani, na hadithi ikawa imekamilika.

Kisha ikaendelea kwa misimu mingine kumi. Sera Gamble akaishika, kisha Jeremy Carver, kisha Andrew Dabb pamoja na Robert Singer, ambaye alikuwepo tangu msimu wa kwanza na ndiye aliyeongoza sehemu ya mwisho kabisa. Sijui tamthilia nyingine ambayo muda wake wa ziada ulikuwa mara mbili ya mechi yenyewe. Kulikuwa na misimu iliyolegea, na sitajifanya haikuwepo. Ule wa saba, pamoja na mazimwi yake ya kutoka Toharani yaliyojificha ndani ya kampuni za chakula, niliutazama kwa uaminifu zaidi kuliko kwa raha.

Ilihama nyumba pia. The WB, kituo ilichozaliwa, kilifungwa Septemba 2006, na baadhi ya tamthilia zake zikahamia The CW kilichoanzishwa mwezi huo huo. Smallville na nyingine zilipomalizika, Supernatural ikabaki mtoto pekee wa nyumba iliyobomolewa. Watazamaji wa usiku wenyewe walipungua kama ilivyotokea kwa televisheni yote ya Marekani: karibu milioni 5.7 siku ya kwanza, karibu milioni 1.4 siku ya mwisho. Lakini hao milioni 1.4 walikuwa ni watu wa kukaa macho.

Adui mkubwa kuliko wote

Tamthilia inayopandisha adui kila msimu ina tatizo la ngazi. Ukianza na mzuka wa mwanamke mwenye nguo nyeupe kando ya barabara, ukaenda kwa pepo mwenye macho ya manjano, ukaenda kwa Lusifa, kwa malaika wakuu, kwa Kifo, kwa Giza lenyewe lililokuwepo kabla ya uumbaji, utampata wapi wa kumweka juu yao? Waandishi walimweka aliyebaki. Tangu msimu wa nne kulikuwa na bwana mmoja mdogo wa umbo, mlevi mlevi, aitwaye Chuck, mwandishi wa riwaya za bei rahisi ambazo kwa ajabu zilisimulia maisha ya Sam na Dean neno kwa neno. Aliigizwa na Rob Benedict. Miaka ilivyopita ikajulikana kwamba Chuck ndiye aliyeumba kila kitu. Mwishoni mwa msimu wa 14 ikajulikana jambo la kuumiza zaidi: mateso yote ya ndugu hawa alikuwa akiyaandika kwa sababu yanampa burudani.

Wako wasomaji ambao wazo hilo litawachoma, na nawaheshimu. Lakini tazama vizuri ni nani anayelaumiwa pale. Chuck wa msimu wa 15 ni mwandishi. Ana mwisho anaoutaka, ndugu amuue ndugu, na amejaribu kuuandika katika dunia nyingi sambamba. Waandishi wa tamthilia walijiweka wao wenyewe kwenye kiti cha mshtakiwa: ninyi mnaowaua hawa watu na kuwafufua kila mwaka, mnafanya hivyo kwa faida ya nani?

Sehemu ya 10 ya msimu huo ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika zile 20, na ni ya kuchekesha. Chuck, kwa hasira, amewanyang'anya bahati ya mashujaa. Kuanzia hapo gari halitaki kuwaka. Kadi ya benki inakataa. Sam anashikwa na mafua. Dean, ambaye kwa miaka 15 amekula hambaga na pai bila kukohoa, anaumwa tumbo na meno yanakutwa na matundu. Wanapigana na mazimwi ya kawaida na kupigwa vibaya. Maisha yetu sote, kwa ufupi. Siku niliyoitazama nilicheka. Nilipoirudia baada ya kumaliza msimu, sikucheka, kwa sababu niliiona nondo ikiwa tayari imesimama pale, inasubiri.

Pengo refu kuliko yote

Mpango ulikuwa msimu uishe tarehe 18 Mei 2020. Katikati ya Machi 2020 korona ilifunga studio za Vancouver wakati sehemu 18 zilikuwa zimesharekodiwa na mbili zimebaki. Mbaya zaidi, hata zile zilizorekodiwa hazikuwa tayari zote: watu wa sauti na wa picha za kompyuta nao walikuwa wamefungiwa. Sehemu ya 13 ilirushwa tarehe 23 Machi. Ya 14 ilirushwa tarehe 8 Oktoba. Siku 199.

Kwa tamthilia iliyokwishahesabu mgomo wa waandishi, ule wa 2007 na 2008 ulioukata msimu wa tatu hadi sehemu 16 na kuufanya mfupi kuliko misimu yote, siku hizo 199 zilikuwa pigo la namna nyingine. Mgomo ulikatisha katikati ya njia. Korona ilikatisha hatua mbili kabla ya mlango. Waigizaji walirudi kazini tarehe 18 Agosti baada ya karantini, wakafanya kazi katikati ya vipimo na barakoa, na kamera ikazimwa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Septemba.

Athari zinaonekana kwa macho. Mbinguni, ambako Dean anafika baada ya kufa, kulitarajiwa kuwa na watu. Miaka 15 ya marehemu wapenzi, kila mmoja na mashabiki wake, wangeweza kukutana baa moja. Badala yake anampokea Bobby peke yake, mzee mwenye kofia, aliyeigizwa na Jim Beaver, ameketi barazani na bia mkononi. Siwezi kulaumu. Lakini nimekuwa nikijiuliza kama ule upweke haukuisaidia sehemu yenyewe. Mwaka ule watu wengi walizika kwa idadi ndogo, wakaaga kwa simu, wakakosa hata kumshika mgonjwa mkono. Mbingu yenye mzee mmoja barazani ilikuwa na ukweli ambao karamu isingekuwa nao.

Na sehemu ya 19, ile ambayo Chuck amekwisha kuwafuta watu wote duniani na kuwaacha ndugu na Jack, mwana wa Lusifa waliyemlea kama wao, wakiendesha gari katika miji isiyo na mtu hata mmoja: ilirekodiwa na kurushwa katika mwaka ambao sisi wenyewe tulishaona picha za miji mitupu kwenye taarifa ya habari. Hakuna bajeti inayonunua hilo.

Dakika chache zilizozua kelele kubwa kuliko zote

Tarehe 5 Novemba 2020 Marekani ilikuwa bado inahesabu kura za urais. Usiku huo ilirushwa sehemu ya 18, "Despair", iliyoandikwa na Robert Berens. Castiel na Dean wamejifungia chumbani, Kifo anagonga mlango, na hakuna silaha iliyobaki. Castiel alikuwa amefunga mapatano: siku atakapoionja furaha ya kweli, Utupu, makao ya malaika waliokufa, utakuja kumchukua. Anauita Utupu kwa kusema alichokificha miaka yote, kwamba anampenda Dean, na kwamba furaha yake iko katika kulisema hilo na si katika kulipata. Utupu unakuja na kuwachukua yeye na Kifo kwa pamoja. Dean anabaki sakafuni, simu inalia, hapokei.

Usiku huo mitandao ilikuwa imejaa ramani za majimbo na idadi za kura, na katikati yake malaika wa televisheni akapenya. Kwa maelfu ya watazamaji waliokuwa wakiisubiri kauli hiyo tangu Septemba 2008, Castiel alipoingia kwa mara ya kwanza ghalani huku taa zikipasuka, ilikuwa ni miaka 12 ya kusubiri imelipwa kwa dakika chache. Na papo hapo ikachukuliwa. Sehemu mbili zilizofuata zinamtaja tu, hatumwoni tena. Dean hapewi nafasi ya kujibu.

Hapa siwezi kuwatetea waandishi. Collins aliajiriwa kwa sehemu chache tu, akabaki kuwa nguzo ya tatu ya nyumba. Mhusika aliyebeba hadithi kwa muda huo wote anastahili kuzikwa, au walau kuliliwa. Jibu la kimya lingeweza kuwa la heshima kama kimya chenyewe kingeonyeshwa, kama Dean angeonekana akikibeba. Badala yake hadithi ilipita kana kwamba imeteleza. Mambo yalizidi wiki chache baadaye, toleo lililoingizwa sauti kwa Kihispania cha Amerika ya Kusini liliporushwa na Dean akasikika akimjibu Castiel kwamba naye anampenda. Wafasiri wote wanajua kwamba neno moja linaweza kugeuza maana ya ukurasa. Mara chache sana limegeuza maana ya miaka 12.

Aliyekawia kurudi

Hii nitaisema haraka kwa sababu wengi hawakuigundua. Miongoni mwa wanyonya damu waliopigana na Dean bandani alikofia alikuwemo Jenny. Jenny alionekana mara moja tu, Aprili 2006, msimu wa kwanza: msichana aliyetekwa na kugeuzwa mnyonya damu kwa nguvu. Mwigizaji Christine Chatelain alirudi baada ya miaka 14 kuigiza sura ile ile. Alikuwa mwathirika ambaye ndugu hawa hawakuwahi kumwokoa wala kumkumbuka. Upanga ukamshukia kabla ya salamu kwisha. Wapo wanaosema ni kejeli ya bure kwa mashabiki. Mimi niliona deni la zamani.

Gari

Chevrolet Impala ya 1967, nyeusi, milango minne, mlio wa mlango unaotambulika hata ukifumba macho. Kripke alikuwa amewaza Mustang. Jirani yake aliyejua magari akamwambia achukue Impala ya 67, kwa kuwa buti lake linaweza kubeba maiti. Hapo ndipo mhusika wa tatu alipozaliwa. Dean humwita Mtoto, na katika msimu wa 11 ilipigwa sehemu nzima kamera ikiwa ndani ya gari tu, haitoki, hata mapigano ya nje tukiyaona kupitia vioo.

Katika sehemu ya mwisho Bobby anamwonyesha Dean kwamba gari nalo limefika Mbinguni. Linang'aa, na lina namba zake za kwanza za Kansas, KAZ 2Y5, zile ambazo zilibadilishwa misimu ya mwanzo ndugu hawa walipoanza kuwindwa na polisi. Miaka zaidi ya kumi limetembea na namba za kujifichia. Mbinguni hakuna wa kukimbia. Waliofikiria jambo hilo dogo nawavulia kofia.

Utayarishaji ulipokwisha, Ackles aliondoka na gari kuu kwenda nalo nyumbani. Angekataliwa ningeshangaa.

Wimbo mmoja, kila mwaka

Kuanzia msimu wa pili, sehemu ya mwisho ya msimu ilifunguliwa kwa muhtasari wa yaliyopita juu ya wimbo wa kikundi cha Kansas wa 1976, "Carry On Wayward Son". Ukawa kama adhana ya kufunga mwaka. Kwa sehemu ya mwisho, ambayo jina lake lenyewe ni "Carry On", waliuzuia mwanzoni na kuutunza hadi Dean alipowasha Impala Mbinguni. Kisha, anavyoendelea kuendesha, ukaingia tena katika sauti nyingine, taratibu, wakati duniani Sam anazeeka.

Familia ya watu wasiojuana

Rekodi nyingine ziko nje ya skrini. Collins aligeuza umaarufu wake kuwa kazi: shirika lake la Random Acts limejenga kituo cha watoto Haiti na shule ya sekondari ya bure Nicaragua, na mashindano yake ya kila mwaka ya kutafuta na kutimiza mambo ya ajabu yaliingia katika kitabu cha Guinness kwa ukubwa wake. Padalecki, Machi 2015, alianzisha kampeni ya Always Keep Fighting kwa ajili ya watu wanaopambana na sonona, na akasema wazi kwamba yeye ni mmoja wao. Miezi michache baadaye, Julai, katika ukumbi mkubwa wa maonyesho ya San Diego, mashabiki kwa maelfu waliwasha mishumaa ya umeme gizani kumwonyesha kwamba wako naye. Hakujua kwamba wamepanga.

Nimetazama picha ile mara nyingi. Tamthilia ilikuwa ikirudia msimu baada ya msimu kwamba familia haiishii kwenye damu, na mara nyingi tamthilia husema mambo ya aina hiyo bila gharama. Hapa ilikuwa na gharama na iliilipa. Mwaka uliofuata waigizaji hao watatu walisaidia kuanzisha mtandao wa mashabiki waliofunzwa kumsikiliza shabiki mwenzao aliye katika hali ya hatari. Watu waliokutana kwa sababu ya mizuka ya kuigiza wakawa wanakesha kwa ajili ya wenzao halisi.

Kifo kidogo kuliko vyote

Sasa nirudi bandani.

Hesabu ya vifo vya Dean haina mwisho kwa sababu ya sehemu moja ya Februari 2008, ambapo Sam anaamka Jumanne ile ile zaidi ya mara 100 na kila siku nduguye anakufa: gari linamgonga, dawati linamwangukia, anasakamwa na soseji, anateleza bafuni. Ni sehemu ya vichekesho yenye kisu ndani yake. Ukiiacha hiyo, bado kuna mbwa wa jehanamu waliomrarua na kumpeleka miaka 40 ya mateso kwa hesabu ya huko chini, kuna wawindaji waliompiga risasi kitandani, kuna upanga wa malaika Metatron uliomuua akaamka pepo. Kila mara kulikuwa na mlango wa nyuma. Mapatano, malaika, kitabu cha uchawi, baba, rafiki. Kufa kwa Winchester kulikuwa ni safari ya kwenda na kurudi, hadi mtazamaji akapoteza hofu.

Lakini mwandishi ameondoka. Katika sehemu ya 19 Jack anaziteka nguvu za Chuck na kuchukua nafasi yake, na ndugu wanamwacha Chuck akiwa hai, binadamu, bila nguvu, kando ya ziwa. Dean anakataa kumuua. Jack anaahidi kutoingilia. Dunia inabaki bila mtu wa kuandika bahati, ni ile dunia ya gari lisilowaka na meno yenye matundu. Ndani ya dunia hiyo mwanamume wa miaka 41 anakwenda kuokoa watoto wawili kutoka kwa wanyonya damu, kazi ambayo ameifanya mamia ya mara, anasukumwa hatua moja nyuma, na pale nyuma pana nondo. Watoto wanaokoka. Yeye haokoki.

Kuna jambo ambalo nimelitambua kwa kuchelewa. Tangu misimu ya mwanzo silaha rahisi za ndugu hawa dhidi ya mizuka ni mbili, chumvi na chuma. Chuma ndicho kilichowalinda usiku mwingi kuliko malaika wote. Nondo ni chuma.

Hafi haraka. Wanampa muda, na ni muda mrefu kuliko televisheni ilivyozoea kuuvumilia, wa ndugu wawili wamesimama paji kwa paji na mmoja akimwomba mwingine asitafute mlango wa nyuma. Kisha anamwomba amwambie kwamba inafaa aende. Anachotaka Dean ni ruhusa tu, baada ya misimu 15 ya kukataa kuachana. Sam anampa, na kuitoa kunamuumiza kuliko yote aliyowahi kufanyiwa na mapepo.

Miaka inayofuata inapita haraka. Sam anaoa, anapata mwana, anamwita Dean, anazeeka chini ya nywele bandia za mvi ambazo zilistahili kila lawama zilizopata. Halafu kitandani, amekwisha kabisa, mwanawe anamshika mkono na kumwambia maneno yale yale, kwamba inafaa aende sasa. Nywele bandia nikazisamehe.

Wanakutana darajani, msituni, Impala imeegeshwa. Dean hajazeeka hata siku. Hawasemi mengi. Wanaegemea ukingo na kutazama maji, na kamera inarudi nyuma. Kisha linatokea jambo ambalo halimo kwenye hadithi: Padalecki na Ackles wanaigeukia kamera, si kama Sam na Dean tena, nyuma yao wamejaa wapiga picha, mafundi, watu wa mavazi na wa taa, baadhi yao waliokuwepo tangu mvua za 2005, na wote kwa pamoja wanashukuru na kupunga mikono. Kamera inapaa juu ya daraja, watu wanakuwa wadogo, miti inawafunika, na bado wanapunga.